Kiki Moja, Biki Mbili: Mtoto wa Punia Anavyojitengenezea Lugha

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wauguzi, Punia, jimbo la Maniema



Niliombwa nizungumze juu ya malezi. Malezi ni jambo pana, nami nimekata kipande kimoja tu: maneno ya mtoto mdogo, tangu anapoanza kutoa sauti mpaka anapokaribia miaka 3. Nayasema haya nikiwa mama mwenye binti wa umri huo nyumbani, na mwalimu wa darasa la kwanza anayepokea watoto wa wenzake wakiwa tayari wanasema vizuri kuliko tunavyowahesabia. Ninalodai ni hili: mtoto hafundishwi kusema jinsi anavyofundishwa kufua au kuchota maji. Maneno anayapata kwetu, lakini kanuni anazitunga mwenyewe, na makosa yake ndiyo yanayotuonyesha kwamba kazi hiyo inaendelea. Anayemcheka mtoto kila anapokosea, au kumkatiza kila mara ili amrekebishe, hataiona kazi hiyo hata siku moja.

Kuandika maneno ya mtoto si jambo jipya. Mwaka 1877 Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe, alichapisha katika jarida la Mind mambo aliyoyaandika juu ya mwanawe wa kwanza, William, aliyezaliwa 1839. Mtoto huyo alipofika kama mwaka mmoja alijitungia neno lake la kudai chakula, «mum», na hakuna aliyemfundisha. Clara na William Stern, mke na mume wa Ujerumani, walitoa kitabu mwaka 1907 kutokana na madaftari waliyojaza juu ya watoto wao. Kisha Werner Leopold akachapisha, kati ya 1939 na 1949, juzuu 4 nzima juu ya binti yake Hildegard, aliyekua kati ya Kijerumani na Kiingereza. Wasomi walimstaajabia mtoto huyo mwenye lugha mbili. Kwetu Punia tungeuliza ya tatu iko wapi.

Maana mtoto wa hapa anazaliwa katikati ya lugha. Koko wake anamwimbia kwa Kilega, au kwa Kikomo kama ni upande ule mwingine. Uani na barabarani ni Kiswahili. Redioni na darasani kuna Kifaransa, na muziki unamletea Lingala bila ruhusa ya mtu. Kiswahili chenyewe kina umri hapa: kilipanda na misafara ya pembe za ndovu ya karne ya 19. Livingstone alipofika Nyangwe mwaka 1871 alikuta wafanyabiashara kutoka pwani wamekwisha kufika pale. Baadaye migodi ya bati iliwakusanya watu wa makabila mengi kambini, na walielewana kwa Kiswahili, tangu kampuni za Wabelgiji hadi SOMINKI iliyoundwa 1976. Kwa hiyo mama anayemwambia mwanawe «kunywa maji» katika mtaa wa Punia anatumia lugha iliyotangulia Kifaransa kufika Maniema. Tulikumbuke hilo.

Tuanze na sauti. Sikilizeni mtoto wa mwaka mmoja na nusu anavyokata maneno. Samaki anakuwa «maki». Mawese yanakuwa «wese». Tukutuku ikipita, inabaki «tuku». Chakula ni «kula». Mtoto huyu hakati ovyo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anashika ile inayosikika kwa nguvu pamoja na inayoifuata, zilizotangulia anaziacha. Mimi sijamsikia mtoto wa hapa akimwita samaki «sama». Watoto wa Waingereza nao wanasikiliza mkazo vilevile: ndizi, ambayo kwao ni «banana», wanaiita «nana».

Midomo inatangulia. Sauti za p, b na m ni nyepesi kwa mtoto, na anaziona tukizitamka. Ndiyo maana maneno mama, baba na papa yamejaa duniani, katika lugha zisizo na undugu wowote. Roman Jakobson aliliandika jambo hilo kwa kirefu. Sauti ya r huchelewa, ingawa kwetu hata watu wazima wanaibadilisha na l, kwa hiyo mtoto anayesema «kuludi» asihukumiwe peke yake.

Halafu maana. Karibu na miezi 12 linatoka neno la kwanza, kwa wengine mapema kidogo na kwa wengine baadaye, na neno hilo linabeba mizigo mingi. «Baba» anaweza kuwa kila mwanaume mwenye suruali, jambo ambalo huleta kicheko kanisani. Hapa Punia, ambako barabara ni mbovu na mizigo mingi inashuka kutoka angani, watoto wanaijua ndege kabla ya kulijua gari. Binti yangu aliita «avio» kila kilicholia bila kuonekana: ndege yenyewe, ngurumo, na hata jenereta ya jirani iliyo nyuma ya ukuta. Watu walimcheka. Mimi niliandika kwenye kaye yangu, kwa sababu alikuwa amefanya kitu kikubwa. Alichukua ndege, ngurumo na jenereta akavitia katika kundi moja kwa sifa vinayoshirikiana. Siku ukuta ulipobomolewa akaiona jenereta, aliitoa kwenye kundi mwenyewe. Hakuna aliyemwambia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mhadhara huu umechukua jina lake. Nilikuwa mezani nasahihisha kaye za wanafunzi, kwa biki nyekundu. Mtoto akaja, akaichukua, akaniinulia: «Kiki.» Nikamwambia, hii ni biki. Akatazama mezani, akaona nyingine ya bluu, akaichukua pia, akazishika zote mbili kwa mkono mmoja, akasema kwa sauti ya mtu anayemwelewesha mjinga: «Biki.» Kisha akarudisha moja mezani, akaitazama ile iliyobaki: «Kiki.»

Fikirini alichokifanya. Kila siku anasikia kijiko na bijiko, kiti na biti, kitu na bitu, maana ndivyo wengi wetu tunavyosema mitaani. Akajua, bila kuambiwa, kwamba ki- ni kimoja na bi- ni vingi. Akalikuta neno linaloanza na bi-, akaliona linahusu kitu kimoja, akakataa. Akalirekebisha. Neno «kiki» hakulisikia kwangu, wala kwa koko wake, wala kwa mtoto mwenzake. Kama angekuwa anaiga tu, lisingetoka mdomoni mwake kamwe.

Na wazee wetu wa lugha walifanya hivyohivyo. Kitabu kilitoka Uarabuni, na kule ile «ki» ya mwanzo si kiambishi chochote, ni sehemu ya neno lenyewe. Waswahili waliisikia ki-, wakasema vitabu, na leo hakuna anayecheka. Madereva wa Tanzania walilichukua neno la Kiingereza la kuwaambia wapite kushoto, wakapata kipilefti, kisha vipilefti. Walichokifanya watu wazima kwa kitabu, binti yangu alikifanya kwa biki. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wengi. Mwaka 1958 mtafiti Jean Berko aliwaonyesha watoto wa Marekani picha ya mnyama asiyekuwepo, akampa jina la kubuni, akawauliza wakiwa wawili wataitwaje. Watoto walijibu kwa kanuni. Kwetu hakuna haja ya kubuni mnyama, biki inatosha.

Kwenye vitenzi kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa kitenzi cha Kiswahili kinabeba sentensi nzima: mtendaji, wakati, mtendwa, mzizi. Kamil Ud Deen aliwachunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, akatoa kitabu mwaka 2005. Alionyesha kwamba watoto wadogo huacha vipande vya mwanzo: badala ya «anakula» unasikia «nakula», au «kula» peke yake, na anayezungumziwa ni paka. Kuacha wanaacha sana, lakini kuvuruga ni nadra. Nami nathibitisha kwa masikio yangu: sijamsikia mtoto akigeuza mpangilio akaweka wakati mbele ya mtendaji. Anajua kila kipande kinakaa wapi hata kabla hajaweza kuvitamka vyote. Basi mtoto akiwaambia «mama, nalia» huku akimwonyesha mdogo wake, msidhani anajisema. Fuateni kidole.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Vitabu vingi vilikuwa vikisema kauli ya kutendwa ni ngumu kwa watoto wadogo. Katherine Demuth akaenda Lesotho, na mwaka 1989 akaonyesha kwamba watoto wa Kisotho, ndugu wa Kiswahili katika lugha za Kibantu, wanaitumia kabla ya miaka 3. Mimi sikushangaa. Mtoto mwenye yaya mkali ana sababu ya kutosha ya kujifunza «nilichapwa» mapema.

Sasa nizungumze na walimu wenzangu. Mtoto wa Punia anayesema «kitabu yangu» hajakosea. Amejifunza kwa ukamilifu Kiswahili cha mji wake, ambamo watu wazima, nikiwemo mimi sokoni, tunasema «kitabu yangu». Kosa lingekuwa kusema kitu ambacho hakuna aliyekisema mbele yake. Anapofika darasani tukamchapa mstari mwekundu kwa sababu kitabu kinasema «kitabu changu», yeye haelewi ameadhibiwa kwa nini, na anachojifunza ni kunyamaza. «Changu» ifundishwe, mimi naifundisha, lakini ifundishwe kama Kiswahili cha kuandika kinachoongezwa juu ya kile alichonacho. «Kiki» ni jambo jingine: hiyo ni kanuni yake mwenyewe, itaondoka yenyewe atakaposikia biki moja, biki mbili, mara nyingi. Kwa mwalimu, kuzitofautisha hali hizi mbili ni nusu ya kazi.

Nani basi anamfundisha mtoto? Hapa nitatofautiana na vitabu vya malezi vinavyotoka mbali, ambavyo vinamweka mama uso kwa uso na mtoto kuanzia asubuhi, akimwuliza maswali asiyoweza kujibu. Robert LeVine na wenzake walikaa na Wagusii wa Kenya miaka ya 1970, wakaona kwamba mama zao walikuwa hawapigi soga na watoto wachanga. Waliwabeba, waliwatuliza, wakaendelea na kazi. Katika msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwetu, Edward Tronick, Gilda Morelli na Steve Winn waliandika mwaka 1987 jinsi mtoto mchanga wa Waefe anavyopita mikononi mwa watu wengi, hata kunyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake. Watoto hao wote walikua wakasema. Na sisi tunajua kwa nini: mwalimu mkuu wa lugha katika uwanja wa Kiafrika ni yaya, dada au kaka mwenye miaka 7 au 8, anayembeba mdogo wake mgongoni akicheza, akimtania, akimtuma, akimgombeza mchana kutwa.

Lakini angalieni kilichotokea. Tangu Septemba 2019 serikali ilipoanzisha masomo ya msingi bure, yaya ameingia darasani. Nafurahi, mimi ni mwalimu, darasa langu limejaa. Hata hivyo yule mdogo aliyekuwa mgongoni amebaki. Asubuhi yuko shambani na mama anayelima peke yake, au yuko kwenye kambi ya wachimbaji wa kasiterite ambako kila mtu ana haraka na hakuna koko. Mwalimu wake wa maneno ameondoka na hakuna aliyechukua nafasi. Kwa hiyo ile desturi ya kuona kwamba kuongea na mtoto asiyejibu ni kama kuongea na ukuta, iliyokuwa haina madhara siku za uwanja wenye watu, sasa inadhuru. Mama anayetwanga sombe na amwambie mtoto anatwanga sombe. Baba anayefunga mzigo kwenye kinga na ataje kamba, mfuko, gurudumu. Haigharimu faranga moja wala haichelewishi kazi.

Kwa lugha gani? Hapa nina neno kwa wazazi waliosoma. Wako kati yetu wanaomsemesha mtoto Kifaransa tu, Kifaransa cha kuokoteza, ili awahi masomoni. Mtoto anapata «viens», «assieds-toi», «mange», basi. Amri tatu na kimya. Mzazi huyohuyo kwa Kilega angemsimulia hadithi, angemtania, angemweleza kwa nini mto umejaa. Mtoto akija kwangu na Kilega kilichojaa, au Kiswahili kilichojaa, Kifaransa kinapata pa kukaa. Akija na Kifaransa cha amri tatu, naanza kwenye patupu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inaruhusu tufundishe kwa lugha za taifa au lugha za mahali, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha 4 za taifa katika Katiba. Hatuna wa kumwogopa.

Wala lugha nyingi hazimchanganyi mtoto mpaka akashindwa kusema. Atachanganya maneno, ndiyo. Atamwomba koko maji kwa Kiswahili na mama kwa Kilega mpaka atambue nani anajibu nini. Maneno yake ya lugha moja yanaweza kuwa machache kuliko ya mtoto wa lugha moja. Hesabuni ya lugha zote pamoja ndipo mtajua anayo mangapi. Kuna zaidi. Kilega kinatumia toni, Kiswahili hakitumii. Janet Werker na Richard Tees walionyesha mwaka 1984 kwamba mtoto mchanga anatofautisha sauti hata za lugha asizozisikia nyumbani, na kabla ya kumaliza mwaka wa kwanza uwezo huo umepungua kwa sauti asizozihitaji. Koko anayeimba kwa Kilega mbele ya mtoto wa miezi 6 anamfanyia jambo ambalo mwalimu hawezi kulifanya baadaye kwa urahisi huohuo.

Kuhusu mwili nitapita haraka, maana mada yangu ni maneno. Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na mwaka 2006 likatoa matokeo: kutembea bila kushikwa kunaanza popote kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Mpana sana muda huo. Jirani akikuambia wake alitembea akiwa na miezi 9, mpongeze, ukale bugali. Tena tendo la mzazi lina mchango: Charles Super aliona huko Kokwet, Kenya, kwamba mama wa Kipsigis wanawafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na watoto wao wanawahi kwa hayo, lakini kutambaa hakufundishwi, na kwa hilo hawawahi.

Katika mwili, kinachonitia wasiwasi ni masikio, maana maneno yanapitia hapo. Mtoto asiyesikia naye anatoa sauti miezi ya mwanzo, analia, anacheka, na wazazi wanatulia. Kisha sauti zinapungua pale ambapo za wenzake zinageuka «bababa» na «mamama». Watu husema ni mvivu, au ni mkaidi, au babu yake pia alichelewa. Wakati mwingine ni usaha wa masikio uliorudi mara kwa mara bila kutibiwa. Wakati mwingine ni homa ya uti wa mgongo aliyoiponea, au gentamisini aliyochomwa kwa wingi bila kipimo. Kumjaribu ni rahisi: kaa nyuma yake asikuone, mwite kwa sauti ya chini, au tikisa funguo. Usipige makofi karibu, maana atahisi upepo. Na tukilinda masikio tulinde na akili: chumvi iwe yenye iodini. Watafiti waliofanya kazi Ubangi na katika kisiwa cha Idjwi walionyesha jinsi upungufu wa iodini, hasa penye mihogo isiyolowekwa vya kutosha, ulivyodumaza akili za watoto tangu tumboni.

Dalili za kushika ni chache. Akitimiza mwaka mmoja bila «bababa» wala kuonyesha kitu kwa kidole, apelekwe kituo cha afya. Vilevile akifika miezi 16 hana neno hata moja, au akitimiza miaka 2 hajaunganisha maneno mawili kama «maji baridi» au «hapana lala». Na mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza asisubiri hata wiki. Katika hesabu hiyo «maki» ni neno, «tuku» ni neno, na neno la Kilega ni neno.

Wauguzi, nina ombi kwenu pia. Siku ya kupima watoto mnamtia mtoto kwenye mizani na kumwuliza mama anamlisha nini. Ongezeni swali moja: «Anasema nini siku hizi?» Mama akijibu, andikeni jibu lake kwenye kaye ya mtoto pamoja na tarehe, na mwezi ujao mlisome kabla ya kuuliza tena.